Haki yako imeminywa uko Mbeya au Iringa: uende Tume, Mahakama Kuu, Arusha au Banjul?

Kamwene wa Iringa, ugonile wa Tukuyu na Kyela, na nyie wa Makete mnaosoma mkiwa mmejifunika blanketi saa hizi.

Mimi nina kibanda cha steshenari hapa Mbeya mjini, fotokopi, kuchapa, laminesheni, picha za pasipoti, vitu vya hivyo. Sio wakili na darasa la sheria sijakaa hata siku moja, ila barua za malalamiko ndo zinanilipia kodi ya fremu, na ukichapa barua za watu miaka na miaka unaanza kujua ipi itafika na ipi itaishia kabatini kwa mtu. Sasa mwezi uliopita akaja mama mmoja wa upande wa Chimala, mfuko wa kaki kwapani, nikamwamkia, akakaa kwenye benchi, akamwaga karatasi zote mezani na pumba za mpunga zikamwagika nazo. Eka zake mbili za mpunga zimewekwa bikoni, ameambiwa asilime tena, hakuna karatasi wala mtu wa kumwambia fidia ni lini. Kijana wake alipoenda kuuliza akawekwa ndani siku tatu, hajapelekwa mahakamani, siku ya nne akaambiwa nenda nyumbani. Mama akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii naipeleka wapi?"

Na kila mtu keshampa jibu lake. Mjumbe kamwambia Tume ya Haki za Binadamu, mzee wa kanisa kamwambia tafuta wakili uende Mahakama Kuu, mjukuu kaona TikTok kwamba Arusha kuna mahakama unaishtaki serikali bure bila wakili, na shemeji yake wa Rujewa akamwambia achana na hao wote waandikieni Benki ya Dunia. Cha kushangaza wote wanne walikuwa na ukweli kidogo, na mmoja ukweli wake ulikuwa umeshapitwa na wakati. Ndo maana naandika, maana huyo mama sio wa kwanza.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Kila mlango nitauuliza maswali yale yale. Nani anaruhusiwa kuingia, lazima awe aliyeumia mwenyewe au hata mtu wa kumsemea? Saa inahesabuje, kuna siku ya mwisho au hamna? Hela na lugha, yani unahitaji wakili, na Kiswahili kinatosha? Mwisho ndo lile watu wanasahau kabisa kuuliza: ukishinda unatoka na nini mkononi, na nani wa kukikaza kitu hicho kitekelezwe?

Na tujue hii milango imetoka wapi. Nchi ikisema inaheshimu haki za watu inasema mara mbili, inawaambia wananchi wake halafu inaziambia nchi zingine. Ahadi ya ndani iko kwenye Katiba ya 1977, ila sura ya haki iliingizwa 1984 na kuidai mahakamani ikawezekana 1988. Ahadi ya nje, mwaka ule ule wa 1984 tukaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Sisi wa Nyanda za Juu tunajua kabisa kwamba nchi hii ilikuwa haitanii na ahadi ya nje, wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa kambini Mgagao, Kilolo, na reli ya TAZARA inayopita Makambako mpaka Tunduma ilijengwa ili Zambia isiwapigie magoti makaburu. Hiyo ilikuwa haki ya wengine. Haki yako wewe mwenyewe dhidi ya ofisi ya hapa hapa, hapo mambo yanakuwa na kona zaidi.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Kifupi THBUB. Iko kwenye Katiba ibara ya 129, ilianza kazi 2001 ikakaa kwenye kiti cha ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza 1966 enzi za Mwalimu. Makao makuu Dodoma.

Anayeingia ni yeyote. Wewe uliyeumia, ndugu yako, kikundi cha kijiji, na Tume yenyewe inaweza kuanza kuchunguza hata kama hakuna aliyelalamika. Hela hakuna, wakili hakuna, Kiswahili mwanzo mwisho, hata ukiwa hujui kuandika unaweza kueleza kwa mdomo wakaandika wao. Kwenye saa, presha hamna sana ya kuingia, shida ni ya kutoka, faili linaweza kukaa ukasahau hata ulivaa nini siku ya kulipeleka.

Ila kuna mawili ya kushika. Tume haimchunguzi Rais, na haigusi jambo ambalo liko mahakamani au limeshahukumiwa. Hilo la pili ndo linawaumiza watu, mtu anafungua kesi Jumatatu, Jumatano anapeleka barua Tume akidhani anaongeza nguvu, kumbe kaifunga ile ya pili mwenyewe. Kama unaitaka Tume anza nayo.

Unatoka na nini? Wana nguvu ya kuita maofisa, kutembelea mahabusu na magereza, kusuluhisha, halafu wanaandika mapendekezo. Mapendekezo sio hukumu. Wale wa Nyamuma, Serengeti, walihamishwa 2001 nyumba zikachomwa, Tume ikachunguza ikasema walipwe, serikali ikakataa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakalipeleka mahakamani, na 2006 Mahakama ya Rufani ikasema mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani yakazwe. Kwaiyo meno yapo, ila ni ya kuazima kwa hakimu.

Inamfaa nani: mtu asiye na hela, ambaye tatizo lake ni ofisi inayomzungusha au kituo kilichomweka ndani kinyume cha utaratibu, na kinachotakiwa ni bosi wa juu kuulizwa. Mimi nimeona barua ya Tume ikifika ofisi moja hapa mkoani (sitaji), faili lililopotea miezi saba likaonekana ndani ya wiki. Nimeona pia barua ambayo haikujibiwa kabisa.

Mahakama Kuu

Huu ndo mlango mzito na ndo unaoogopwa bila sababu. Watu wanadhani Mahakama Kuu ni Dar, hapana, kuna masjala Mbeya, kuna Iringa, kuna Sumbawanga, kuna Songea. Mnakumbuka 2023 wananchi wanne walivyopinga ule mkataba wa bandari na Dubai, bandari iko Dar lakini kesi ilisikilizwa hapa hapa Mbeya, majaji watatu, hukumu tarehe 10 Agosti, wakashindwa ila walisikilizwa, na mji mzima ulikuwa hauongei kitu kingine.

Sasa hapa ndani kuna njia tatu watu wanazichanganya na mimi nimezichanganya sana mwanzoni mpaka wakili mmoja mteja wangu akanichorea kwenye kisanduku cha karatasi ya A4.

Ya kwanza ni kesi ya kikatiba, chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994. Unasema sheria fulani au kitendo fulani kinavunja ibara ya 12 mpaka 29 ya Katiba. Inasikilizwa na majaji watatu. Zamani mtu yeyote angeweza kwenda kuwasemea wengine, mabadiliko ya 2020 yakataka uape kwamba jambo limekugusa wewe mwenyewe, ila 2025 Mahakama ya Rufani ikalifuta sharti hilo. Na kama kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata haki yako majaji watakurudisha huko kwanza.

Ya pili ni madai ya kawaida dhidi ya serikali, shamba, nyumba, fidia. Hapa kuna notisi ya siku 90, yani barua ya kuwaambia mapema kwamba utawashtaki, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu 2020 hata halmashauri ziko kwenye utaratibu huo. Ukiruka notisi kesi inatupwa kabla haijaanza, na nimeona mzee wa Igawilo akilia kwenye benchi langu kwa sababu hiyo hiyo, alishauza ng'ombe wawili kulipa mtu aliyejiita wakili.

Ya tatu ni ya dharura, mtu yuko ndani na hapelekwi mahakamani. Sheria inasema polisi wakimkamata mtu ndani ya saa 24 apelekwe mahakamani au apewe dhamana. Ikipita hapo, ndugu anaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe. Kwenye hii hausubiri siku 90 wala 9.

Hela na lugha: wakili unamhitaji kwa kweli, sheria haikulazimishi ila kesi ya kikatiba bila wakili ni kama kupanda mlima Rungwe na ndala, wapo waliofika. Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hilo limesaidia sana. Na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanapatikana wilayani, bure, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama yenyewe.

Unatoka na hukumu, na hukumu ndo kitu chenye nguvu kuliko vyote kwenye orodha hii. Ila hata yenyewe hukumu sio panga. Chukua kesi ya ndoa za utotoni aliyofungua Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavunja Katiba, Mahakama ya Rufani Oktoba 2019 ikaunga mkono na kutoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ukaisha, sheria iko vile vile. Katiba yenyewe inaruhusu majaji badala ya kufuta sheria waipe serikali muda wa kuirekebisha, na muda ukiisha bila kitu unarudi tena kwenye foleni.

Inamfaa nani: mwenye kitu cha kupimika kilichochukuliwa, au anayeguswa na sheria mbovu, mwenye karatasi zake na uvumilivu wa miaka.

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha

Hii ndo wengi hawaijui, na ndo ina mtego mbaya kuliko zote.

Anayeingia ni mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu binafsi au taasisi, moja kwa moja. Hausubiri kumaliza mahakama za nyumbani, unaweza kutoka Mbozi leo ukaenda huko bila kupita kwa hakimu yeyote. Tamu eh? Sasa saa: miezi miwili. Miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu ulipojua, na hawana huruma na hilo kabisa. Kila nikimwambia mtu hivi anahesabu vidole halafu ananyamaza. Mtu wetu wa huku analalamika kwanza kwa mtendaji, anaambiwa njoo wiki ijayo, anaenda kwa mkuu wa wilaya, anaambiwa jambo linafanyiwa kazi, mavuno yanaingia, miezi tisa hiyo.

Lugha ya mahakama hii kwenye mkataba ni Kiingereza. Ni kichekesho kidogo, mahakama iko Arusha na majirani wote wanaongea Kiswahili. Wakili utamhitaji, safari kwa basi kupitia Iringa na Dodoma ni karibu kilomita 1,000, ingawa kuna masjala ndogo Dar na siku hizi nyaraka zinapelekwa kwa mtandao.

Na haisikilizi "haki za binadamu" kwa jina hilo. Unasema nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya, ule unaotaka utawala wa sheria na kuheshimu haki za watu. Kwa mlango huo huo Machi 2019 Baraza la Habari na wenzake walishinda kesi dhidi ya vifungu kibao vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na Machi 2022 viongozi wa vyama vya upinzani wakashinda kuhusu Sheria ya Vyama vya Siasa. Unachotoka nacho mara nyingi ni tamko kwamba nchi imekosea. Hela mfukoni ni nadra. Na ushahidi wanaupima kweli kweli, vijiji vya Loliondo vilifungua 2017, vikashindwa 2022, Novemba 2023 rufani ikaamuru isikilizwe upya, hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Inamfaa nani: chama, kikundi, mwandishi wa habari, watu wanaopigana na sheria mpya kabisa iliyotoka juzi. Mwenye shamba la mpunga lenye bikoni, mh, labda kama bikoni zimewekwa mwezi uliopita na kuna wakili wa kumsimamia.

Mahakama ya Afrika, na dirisha la Banjul

Sasa ile ya TikTok ya mjukuu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, imehamia hapo 2007, na ni kweli Mtanzania alikuwa anaenda mwenyewe, bure, hata bila wakili, wafungwa walikuwa wanaandika barua kutoka gerezani na zinasajiliwa. Tanzania ilisaini tamko la kuruhusu hilo Machi 2010. Novemba 2019 serikali ikalitoa tamko lake, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mtu binafsi au asasi ya Tanzania haifungui kesi mpya pale moja kwa moja. Mwezi ule ule wa Novemba 2019 mahakama hiyo ilikuwa imetoa hukumu ya kina Ally Rajabu, kwamba adhabu ya kifo ya lazima bila jaji kuwa na uchaguzi inavunja haki ya kuishi. Video ya mjukuu ilikuwa ya zamani. Mimi naona tulikosea kufunga, maana mahakama tumeipa sisi kiwanja, tumeikaribisha sisi, halafu watoto wa nyumba wanakatazwa kuingia sebuleni. Wapo wanaosema mahakama za ndani zilikuwa zinarukwa, na kweli kesi nyingi zaidi pale zilikuwa zetu, hoja hiyo naisikia ila hainishibishi.

Kilichobaki ni dirisha. Tume ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko ya Mtanzania yeyote, kwa sababu ule Mkataba wa Afrika tulioridhia 1984 hatujajitoa. Na Tanzania bado ni mwanachama wa ile itifaki ya mahakama, kwaiyo Banjul wenyewe wanaweza kulipeleka jambo Arusha wakiona inafaa. Sio kitu cha kutegemea.

Vigezo vya Banjul: umalize njia za nyumbani kwanza mpaka Rufani, isipokuwa uonyeshe zimechelewa kupita kiasi. Halafu uandike ndani ya muda unaoeleweka, hawasemi siku ngapi ila usikae. Utaje jina lako, ingawa unaweza kuomba lisitangazwe. Barua isiwe ya kutegemea magazeti tu, na isiwe na matusi kwa nchi, hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimechapa barua zingine hapa mpaka kibodi ikaona aibu. Hela hakuna, ila kwa Kiswahili kitupu sikushauri, tafuta asasi ikusaidie Kiingereza au Kifaransa. Unatoka na mapendekezo kwa nchi, na ya kuyakaza ni aibu ya kidiplomasia zaidi kuliko dalali wa mahakama.

Mtu wetu aliyepita mingi ya milango hii ni Mchungaji Christopher Mtikila, mtoto wa Milo, Ludewa. Alitaka mtu agombee bila chama. Akashinda Mahakama Kuu miaka ya tisini, Bunge likabadilisha Katiba ikawa haiwezekani tena. Akarudi, akashinda Mahakama Kuu tena, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge sio la majaji. Akaenda Arusha, Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikampa ushindi pamoja na Chama cha Wanasheria na Kituo cha Sheria. Alipodai fidia na gharama, 2014, mahakama ikamkatalia, hakuwa ameleta uthibitisho wala risiti za alichotumia. Alifariki kwa ajali 2015 akazikwa kwao Milo, na mgombea binafsi mpaka leo hakuna. Mimi nikimsimulia mteja hii habari huwa naachia pale kwenye risiti.

Mlango wa mkopeshaji

Shemeji wa Rujewa hakuwa anabahatisha. Mbarali wanajua hii kuliko wilaya yoyote nchini. Tangazo la serikali namba 28 la 2008 lilipanua mipaka ya Hifadhi ya Ruaha ikaingia bonde la Usangu, na baadae ukaja mradi wa REGROW wa utalii wa kusini, mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2017. Wanakijiji wakalalamika kuhusu ng'ombe kukamatwa, mashamba kuzuiwa na watu kuumizwa, serikali ikakana. 2023 malalamiko yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki, Aprili 2024 Benki ikasimamisha kutoa hela, Novemba 2024 mradi ukafutwa.

Kwa maswali yetu: wanaingia watu wawili au zaidi wenye maumivu yanayofanana, kupitia asasi inawezekana, majina yanafichwa mkitaka, bure, na barua inaweza kuwa ya lugha yoyote. Saa: mradi uwe bado unaendelea au haujapita miezi 15 tangu ufungwe. Ila elewa kitu kimoja, Jopo halimhukumu askari wala serikali, linaichunguza Benki kama imefuata kanuni zake. Unachopata ni bomba la hela kufungwa na mpango wa kurekebisha. Ng'ombe wako kurudi ni suala lingine. Na kama bikoni zako hazina uhusiano na mradi wa mkopo, mlango huu haupo kwako.

(Kuna na kamati za Umoja wa Mataifa. Kwa kifupi tu: kwa wanawake na kwa watu wenye ulemavu nchi imekubali mtu alalamike huko, 2015 wajane wawili wa Tanzania walishinda kwenye kamati ya wanawake kuhusu mirathi ya kimila. Kwa mateso ya jumla hapana, ule mkataba wa kupinga mateso hatujauridhia.)

Sasa wewe uko wapi kati ya hawa

Ndugu yako yuko ndani sasa hivi na saa 24 zimepita: usiandike barua ya kurasa nne. Wakili au msaidizi wa kisheria leo, Mahakama Kuu iamuru aletwe. Akishatoka ndo mnakaa mnafikiria Tume.

Ofisi inakuzungusha, cheti, pensheni, uhamisho, faili halionekani: Tume. Kabla ya kitu kingine chochote, na kabla hujafungua kesi.

Umechukuliwa ardhi au nyumba na chombo cha serikali na unataka fidia: notisi ya siku 90 halafu Mahakama Kuu. Kama anayekuchukulia ni jirani yako au shemeji, hiyo sio safari ya haki za binadamu, anza baraza la kata acha kusumbua watu wa Dodoma.

Sheria au kanuni yenyewe ndo inakuumiza: kama ni mpya na miezi miwili haijapita na mna chama cha kuwabeba, fikirieni Arusha kwa Afrika Mashariki. Kama ni ya zamani, kesi ya kikatiba hapa hapa. Kuna wanasheria wanaofanya zote mbili kwa pamoja, waachie wao hesabu hiyo.

Umefika mpaka Rufani ukashindwa na bado unaamini: Banjul, na uwe na nakala ya kila hukumu.

Mradi una bango lenye nembo ya benki ya nje: piga picha lile bango leo, lina jina la mradi na namba, ndo utakalohitaji.

Yule mama? Tulitenganisha mfuko. Ya kijana ikaenda Tume, barua kurasa moja na nusu, tarehe ya kuingia na kutoka kituoni, basi. Ya eka mbili ikawa notisi, msaidizi wa kisheria wa wilayani kwao akaisoma akafuta maneno yangu mengi ya hasira, mimi nikachapa upya bure. Nikamwambia mama, ukifika pale mapokezi usiwaachie nakala zote, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Akaenda. Sekretari akamwambia muhuri uko kwa bosi na bosi yuko kikaoni. Mama akakaa kwenye benchi kuanzia saa nne, na chapati zake mbili kwenye karatasi. Saa kumi na dakika kumi akanipigia, kelele za stendi nyuma yake: "Mwanangu, wamegonga." Nikamwambia aipige picha kabla hajapanda Coaster.